Jua la Januari Huko Quartzsite

Ukitoka Phoenix ukashika barabara kuu ya I-10 kuelekea magharibi, baada ya kilomita 200 hivi unafika Quartzsite, mji mdogo wa jangwani ambao bado kidogo uingie California. Wakazi wake wa kudumu ni 2,400 hivi. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 45, na mji hubaki na wenyewe tu. Ikifika Januari, ardhi yote inayouzunguka hujaa nyumba za magurudumu: matrela ya kuvutwa na pikapu, vani zenye kitanda na jiko, mabasi ya shule yaliyogeuzwa makazi, mpaka yale makubwa ambayo sebule inachomoza ubavuni ukibonyeza kitufe. Wenyewe wengi ni wastaafu waliokimbia theluji ya Minnesota, Montana na majimbo ya Kanada. Wanaegesha jangwani, mbali na nguzo yoyote ya umeme, na hukaa wiki nzima nzima, wengine miezi, wakitegemea jua.

Nilikwenda huko na dada yangu na mumewe. Wao wanaishi Mesa, pembeni mwa Phoenix. Asili yetu sote ni Tanga. Shemeji ni dereva wa malori ya masafa marefu, na alikuwa amenunua trela ya mtumba ya mita saba, ikiwa na paneli tatu za sola za wati 100 kila moja, tayari zimefungwa juu ya paa. Aliyemuuzia alimhakikishia kwamba kwa paneli hizo hatahitaji kitu kingine. Shemeji alikuwa na sababu ya kutaka uhakika. Ana tatizo la kukatikiwa na pumzi usingizini, maradhi yanayowasumbua madereva wengi wa malori, na kila usiku hulala na mashine inayomsukumia hewa puani. Mashine ikizimika usiku wa manane, dada yangu, ambaye ni muuguzi, hapati tena usingizi. Hukaa akimsikiliza anavyohema. Kwa hiyo kwetu sisi umeme wa usiku haukuwa wa starehe. Tulitaka mtu alale salama mpaka asubuhi.

Ardhi yenyewe ni ya serikali kuu ya Marekani, chini ya idara yake ya usimamizi wa ardhi. Tangu 1983 idara hiyo imetenga maeneo ya kukaa muda mrefu majira ya baridi, na mojawapo ni La Posa, kusini ya mji. Tulikata kibali cha dola 40 kwa siku 14. Anayekaa msimu mzima, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili, alikuwa akilipa dola 180. Kwa fedha hiyo unapata maji ya kuchota, mahali pa kumwaga maji machafu na pa kutupa takataka. Umeme haumo. Unachagua mwenyewe pa kusimama, juu ya changarawe nyeusi kati ya vichaka vya kreosoti, upande wa magharibi ukitazamana na milima ya Dome Rock na kusini mashariki na ile ya Kofa, yenye magenge yaliyochongoka. Anga ni bluu tupu. Mtu yeyote aliyewahi kuona sola angesema hapa umeme ni wa kumwaga.

Usiku wa kwanza mashine ya shemeji ilifanya kazi mpaka alfajiri, lakini mita ya ukutani ilisoma volti 11.9 na inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, ikaanza kulia pii, pii, kuonyesha kwamba chaji inakwisha. Hilo halikutushangaza sana, maana hatukujua betri zilianza safari na kiasi gani. Kilichotushangaza ni jioni iliyofuata. Jua lilikuwa limewaka kutwa bila wingu hata moja, na bado, baada ya kuzima kila kitu na kuziacha betri zitulie, mita ilisoma 12.3. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa, ikitulia saa mbili tatu bila kuchajiwa wala kutumiwa, husoma 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya nusu si vyema kuipeleka kila siku, kwa sababu unaula uhai wake. Kwa hiyo kutwa nzima ya jua la jangwani ilikuwa imetupatia nusu na kidogo.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mzee kutoka Saskatchewan, aliyestaafu kazi ya umeme katika migodi ya potashi. Dada alimpelekea vitumbua na chai ya tangawizi, kama ambavyo angefanya kwa jirani yeyote mpya, na mzee akaja kurudisha sahani akiwa na mita yake mfukoni. Hakuuliza tuna paneli ngapi. Aliuliza betri ni za aina gani, na kontrola, yaani kile kisanduku kinachosimama kati ya paneli na betri, kimepangwa volti ngapi. Shemeji na mimi tukatazamana. Karatasi za trela zilizungumza habari ya wati tu.

Nitaeleza alichotuonyesha kwa mpangilio ule ule aliotumia yeye, kwani nimeona baadaye kwamba mpangilio wenyewe una maana.

Alianza na betri. Zilikuwa mbili, kila moja ya volti 6, zile zinazotumika kwenye vigari vya viwanja vya gofu, zimeungwa mfululizo kupata volti 12 na ampea-saa 220. Alifungua vifuniko, akamulika tochi, akatuonyesha maji yalivyoshuka hadi kugusa juu ya bamba za risasi. Kisha akatoa haidromita, kile kibomba cha kioo chenye boya ndani, akafyonza asidi kidogo kutoka kila seli. Seli iliyojaa husoma karibu 1.270. Zetu zilikuwa kati ya 1.190 na 1.200, zote sita. Alifurahi kwamba zinakaribiana. Seli moja ingekuwa chini sana kuliko nyingine, alisema, ungekuwa unazungumza na maiti. Hizi hazijafa, zina njaa ya siku nyingi.

Njaa hiyo ina madhara ya kikemia. Betri ya risasi inapotoa umeme, bamba zake hufunikwa na salfeti ya risasi. Ikichajiwa, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Lakini isipochajiwa mpaka mwisho, ile iliyobaki hugeuka fuwele ngumu siku baada ya siku, na fuwele zikishakomaa hazirudi tena. Betri inapungua ujazo kimyakimya. Mwenye betri anaona tu kwamba kila mwezi taa zinafifia mapema zaidi, anadhani paneli zimechoka, anakwenda kununua nyingine.

Kisha akageukia kontrola. Ilikuwa na kioo kidogo na vitufe viwili. Alibonyeza mara kadhaa mpaka ikajitokeza: imepangwa kwa betri za jeli, mwisho wake volti 14.1. Betri zetu ni za maji, na kibandiko cha mtengenezaji ubavuni kilisema wazi 14.8. Tofauti ya volti 0.7 inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyokuwa ikitukatia chaji adhuhuri. Kontrola nzuri huchaji kwa hatua tatu. Kwanza inasukuma kila kilichopo, volti zikipanda polepole. Zikifika kiwango kilichopangwa, inazishikilia hapo, na betri yenyewe inaanza kupokea kidogo kidogo, ampea zikishuka kutoka kumi na tano hadi kumi, hadi tano, hadi mbili. Ikiona zimeshuka vya kutosha, au muda wake umetimia, inahamia hatua ya tatu, volti 13.5 hivi, ya kutunza tu. Daladala tupu huchukua abiria thelathini kwa dakika mbili, na wale watano wa mwisho huchukua dakika kumi; betri iko hivyo hivyo, robo yake ya mwisho inachukua saa tatu hata nne, uwe na paneli nyingi kiasi gani. Kontrola yetu ilikuwa ikisukuma kwa volti haba, kisha ikifunga mlango abiria wa mwisho wakiwa bado nje.

Mzee akaipanga 14.8. Akatukumbusha kwamba kwenye baridi betri inataka volti zaidi kidogo na kwenye joto inataka pungufu, na kwamba kontrola bora huwa na waya mwembamba wenye kipimajoto unaobandikwa kwenye betri yenyewe. Yetu haikuwa nao.

La tatu lilikuwa jua, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo mtu wa pwani yetu anapopotea kwa urahisi.

Sisi tumekulia chini ya jua la utosini. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta, na hata Juni, jua likiwa limekwenda kaskazini kabisa, adhuhuri bado linasimama zaidi ya nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Fundi wa Tanga akiilaza paneli juu ya bati lenye mteremko wowote, hajapoteza kitu cha maana. Quartzsite iko karibu nyuzi 34 kaskazini. Katikati ya Januari jua la huko halipandi zaidi ya nyuzi 35 hivi. Linachomoza kusini mashariki, linatembea chini chini upande wa kusini, linatua kusini magharibi. Linachoma macho na kukuunguza pua, ukiwa umesimama unalihisi kali, kwa sababu wewe umesimama wima. Paneli iliyolala chali juu ya paa inalipata kwa pembeni, na adhuhuri hupokea zaidi kidogo tu ya nusu ya mwanga ambao ingeupata kama ingetazamana nalo.

Paneli zetu zilikuwa na miguu ya alumini ya kuziinua upande mmoja, imekunjwa, skrubu zake zina vumbi la miaka. Shemeji aliwasha pikapu, tukaizungusha trela mpaka ubavu wake mmoja ukatazama kusini. Yeye akapanda ngazi ya nyuma na spana, mzee akabaki chini akimwelekeza, dada akishika ngazi. Mimi niliachwa ndani mbele ya kontrola nisome namba kwa sauti. Ilikuwa saa saba kasorobo mchana, ambayo ndiyo adhuhuri ya kweli ya huko Januari, kwa kuwa mji uko ukingoni mwa magharibi wa kanda yake ya saa na jua huchelewa.

Paneli zikiwa zimelala nilisoma ampea 9. Ya kwanza ikainuliwa: 11. Kimya kidogo, skrubu imegoma, namsikia shemeji akihema juu ya paa. Ya pili: 13.2. Ya tatu ikainuka, namba ikapanda, ikashuka kidogo, mzee akapaza sauti kwamba kivuli cha kiyoyozi kinaigusa pembeni. Wakaisogeza mguu mmoja nje. Ampea 15.4.

Dada alipiga kigelegele. Paneli zile zile, jua lile lile, dakika arobaini za kazi.

Lile la kivuli nalo si dogo. Chembe za paneli zimeungwa kwa mstari, mkondo mmoja unapita zote. Kivuli cha bomba la choo au tawi la mti wa paloverde kikifunika chembe chache tu, sehemu nzima ya paneli inaweza kunyamaza. Tangu hapo shemeji alikuwa akipanda asubuhi kufuta vumbi kwa kitambaa kibichi na kutazama vivuli vinaangukia wapi. Na kila upepo ulipoanza kuvuma kutoka bondeni tulizilaza haraka, maana paneli iliyoinuliwa hukamata upepo na kung'oka.

Yakabaki matumizi, na hapo mzee alituachia wenyewe. Alitupa daftari dogo. Tukaandika kila kitu kinachokula umeme, ampea zake, na saa zake. Taa zote za trela hazikuwa na neno. Pampu ya maji inakula ampea 7, lakini kwa dakika chache kwa siku. Friji ilikuwa ya gesi. Mlaji mkubwa alikuwa hita ya chumba. Mtu anaiita hita ya gesi na kudhani haigusi betri, kumbe ina feni ya kusukuma hewa moto, nayo inakula ampea 7 hadi 8 kila inapozunguka. Usiku wa jangwani ukishuka hadi nyuzi 3 au 4, feni hiyo inaweza kuzunguka jumla ya saa tano mpaka kukuche. Hapo umekwisha kutumia ampea-saa 35 ukiwa umelala. Wa pili alikuwa inveta. Ukiiacha imewashwa bila kitu chochote, yenyewe inakula ampea moja, ambayo kwa siku ni 24. Na wa tatu alikuwa mashine ya shemeji, iliyokula karibu ampea 5.

Mashine hiyo ndiyo iliyonifundisha mengi. Ndani yake kuna feni ndogo ya hewa, na kuna kibirika kinachopasha maji ili hewa isiwe kavu. Feni inahitaji umeme kidogo. Kibirika ndicho kinachokula. Dada aliitazama kama muuguzi: msukumo wa hewa ndio tiba, unyevu ni wa kuondoa ukavu wa pua. Alimpigia simu mwenzake wa kliniki kuhakikisha, wakakubaliana. Mjini, kwenye mabanda ya maonyesho ya Januari yanayouza kila kitu cha matrela, tulipata waya maalumu wa kuiunga mashine moja kwa moja kwenye volti 12, bila kupitia inveta. Usiku huo, kibirika kimezimwa, inveta imezimwa, mashine ilikula chini ya ampea 2. Shemeji alilala na glasi ya maji pembeni na mafuta kidogo ya kupaka puani. Hita tukaiweka nyuzi 13 badala ya 20, dada akatoa mablanketi mawili mazito. Asubuhi mita ilisoma 12.4.

Nilikuwa nimeshaamini kazi imekwisha. Kisha mawingu yakaja kutoka Pasifiki.

Mvua ya jangwani ikinyesha, vichaka vya kreosoti hutoa harufu kali, na watu hutoka nje ya matrela yao kuinusa. Ni harufu nzuri sana. Lakini kontrola ilikuwa ikisoma ampea 2, mara 3, mara 1, na jioni ile nilianza kuona matokeo ya mawingu kwenye sauti za kambi. Kila upande jenereta ziliwashwa baada ya chakula cha jioni, zikanguruma mpaka saa nne usiku, saa ambayo kwa sheria ya La Posa utulivu unaanza, hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sisi pia tulikuwa na jenereta ndogo ya petroli, ya wati 2,000. Shemeji akataka kuiwasha. Mzee akamwambia, subiri kukuche.

Sababu yake ilikuwa hii. Betri yenye njaa inapokea haraka. Iliyokaribia kujaa inapokea polepole. Ukiwasha jenereta jioni, betri zikiwa na chaji iliyokusanywa mchana, zitapokea ampea 8 au 10 tu, na wewe unachoma petroli saa nne nzima na kuwanyima majirani usingizi kwa ajili ya kiasi kidogo. Ukiwasha saa mbili asubuhi, betri zikiwa chini kabisa baada ya usiku, zitameza ampea zote ambazo chaja inaweza kutoa. Tulifanya hivyo. Betri zilikuwa 12.1, chaja ya trela ikasukuma ampea 40 bila kusita, na kwa saa moja na nusu ziliingia ampea-saa 50 na zaidi. Tukazima. Sehemu ya haraka ilikuwa imekwisha saa tatu na nusu, na ule mwanga hafifu wa mawingu ulikuwa na kutwa nzima ya kufanya kazi ndogo ndogo ya mwisho, ile inayohitaji saa nyingi na ampea chache.

Nasema kwa dhati kwamba huu ndio mpango bora niliowahi kuonyeshwa katika mambo ya umeme. Kila chombo kinafanya kinachokifaa. Jenereta lina nguvu nyingi na ni ghali kwa saa, basi lipewe saa moja ambayo betri iko wazi kupokea. Jua halina gharama na halina haraka, liachiwe zile saa ndefu ambazo jenereta lingeungua bure. Wengi waliotuzunguka walikuwa wakifanya kinyume, na ndio hao hao waliokuwa wakilalamika kwamba betri za siku hizi hazidumu.

Siku moja ya mawingu, kazi ya asubuhi ikiwa imekwisha, tulikwenda mjini kununua maji ya betri. Huko yanauzwa madukani kwenye madumu ya galoni, pembeni ya maji ya kunywa. Tulipitia makaburini. Katikati yake kuna piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu yake, iliyojengwa mwaka 1935. Amezikwa hapo Haji Ali, mtunza ngamia aliyetoka dola ya Uthmaniya. Jeshi la Marekani lilileta ngamia Texas mwaka 1856 kujaribu kama wataweza kubeba mizigo katika majangwa haya, yeye akaja nao, na ngamia walipoachwa yeye hakurudi. Wamarekani walishindwa na jina lake, wakamwita Hi Jolly, na hivyo ndivyo lilivyochongwa. Alifariki mwaka 1902. Dada alijifunga vizuri mtandio, akainua mikono, akamsomea Fatiha. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akipiga picha aliishusha kamera na kusubiri mpaka amalize.

Mawingu yalipoondoka, anga lilikuwa safi kuliko mwanzo na hewa baridi. Baridi kavu ya namna hiyo ni rafiki wa paneli, kwani paneli ikipata joto hutoa umeme pungufu. Tulikuwa tumekwisha kujaza maji ya betri hadi alama. Asubuhi jenereta lilichukua dakika arobaini, paneli zikachukua nafasi. Saa saba mchana kontrola ilifika 14.8 na kushikilia. Nilikaa karibu nayo nikitazama ampea zikishuka: 12, 9, 6. Saa kumi zilikuwa 3. Jua lilipokaribia milima ya Dome Rock mzee alikuja na haidromita yake. Seli ya kwanza 1.265. Ya pili 1.270. Zote sita zilikuwa baina ya hizo mbili. Shemeji alimkumbatia. Kwa zilivyokuwa, betri hizo hazikuwa zimejaa hivyo tangu trela ifike mikononi mwake, na pengine muda mrefu kabla.

Mzee mwenyewe alikuwa na betri za lithiamu, chini ya kitanda chake. Nilimuuliza kama nasi tubadilishe. Alisifu wepesi wake na kwamba unaweza kutumia karibu zote bila kuziumiza, wala hazidai kujazwa kila siku. Kisha akaeleza kwa nini ziko kitandani: lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0, inaharibika. Quartzsite ni chini, mita 270 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi yake inavumilika. Lakini akipanda Flagstaff, mita 2,100, betri lazima zilale ndani na watu. Pia volti zake hazishuki taratibu kama za risasi, kwa hiyo mita ya volti haikuambii kitu. Unahitaji kihesabu ampea kinachorekodi kila kilichoingia na kutoka. Ushauri wake kwa shemeji ulikuwa kwamba azitumie hizi za risasi mpaka ziishe, akijua sasa namna ya kuzilisha.

Tangu safari hiyo nimefikiria sana nyumba ninazozijua Pangani na Handeni, zenye paneli moja juu ya bati na betri ya gari chini ya meza. Betri ya gari ina bamba nyembamba, imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kuwasha taa usiku kucha. Inashushwa mpaka mwisho kila siku, haijazwi mpaka mwisho hata siku moja, na ndani ya mwaka inaitwa imekufa. Familia inakopa kununua nyingine. Jua la huko ni bora kuliko la Quartzsite Januari, na bado betri zinakufa kwa sababu hizo hizo.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuongeza paneli ya pili au ya nne, iwe kwenye trela Arizona au kwenye nyumba Handeni, nunua kwanza mita ya volti. Ipime betri alfajiri kabla ya kugusa swichi, uandike. Soma kibandiko cha betri, kisha mwombe fundi akuonyeshe kwa macho yako kontrola imepangwa volti ngapi. Kama namba hizo mbili hazifanani, usilipe paneli mpya kabla hajazirekebisha.